Muongoza ndege anateleza na mimi niko hewani na abiria, niripoti au ninyamaze?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni rubani msaidizi, narusha ndege ya mapanga mawili inayobeba abiria kama 50. Kuna uwanja tunaenda karibu kila siku na kwa muda mfupi yametokea mambo matatu. La kwanza lina siku 24 leo, tuliambiwa tuingie kwenye ranwei tusubiri, tukakaa, mara tunasikia ndege nyingine inaripoti iko maili mbili inakuja kutua ranwei hiyohiyo, kepteni akauliza ndo ile ndege ikaambiwa ipae tena. La pili, kepteni alimrudia muongozaji redioni mwinuko tofauti na tuliopewa, muongozaji akanyamaza, mimi ndo nilishtuka. La tatu juzi, tulipewa hedingi, yaani uelekeo wa kuruka, inayoelekea milimani tukaachwa humo mpaka tukauliza wenyewe. Yote matatu jioni kuingia usiku, na sauti ni ya mtu mmoja anafanya mnara (ranwei), chini (ndege zinazotembea ardhini) na aprochi (ndege zinazokaribia uwanja) peke yake. Nikasema tuandike ripoti, kepteni akaniambia achana nayo, utamfukuzisha mtu kazi na jina lako litajulikana, na kwamba wao wana rada na sisi tuna TCAS, ile mashine ya ndani ya ndege ya kuzuia kugongana na ndege nyingine, hivyo tuko salama. Tangu hapo usingizi hauji vizuri. Je, najitisha bure? Nifanyeje?"

Marahaba ndugu yangu. Nianze na hilo la usingizi maana ndo limenigusa zaidi. Hujaharibikiwa na wala huna woga uliopitiliza, mtu aliyekaa juu ya ranwei huku ndege nyingine iko maili mbili nyuma ya mgongo wake halafu hilo jambo lisimrudie usiku kabisa, huyo ndo ningemhofia. Mimi nimekaa kiti cha kuongoza ndege miaka mingi kabla sijahamia kwenye kuchunguza matukio, kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyekaa upande ule wa redio, na pale ambapo sisi wa mnarani tunakosea nitasema tunakosea.

Hujitishi bure. Matukio matatu ndani ya wiki tatu na ushee, uwanja mmoja, saa zinazofanana, nafasi zimeunganishwa kwa mtu mmoja, hiyo sio bahati mbaya tena. Lakini pia sio lazima iwe ndo ulichokifikiria, yaani kwamba pale kuna mtu mzembe. Naomba tuanze na vile vitu viwili alivyokutuliza navyo kepteni wako kwasababu vyote viwili ni nusu ukweli, na nusu ukweli kwenye kazi hii ni kitu cha kuogopa.

Rada ya kawaida ya aprochi inazunguka, kila mzunguko ni kama sekunde nne mpaka tano, kwa hiyo kile kinukta anachokiangalia muongozaji ni pale ulipokuwa na sio pale ulipo. Hilo halina tatizo sana ukiwa juu maana nafasi anazokuachia zimezingatia hilo, mara nyingi maili tatu karibu na uwanja, maili tano huko njiani, na futi 1,000 kwenda juu au chini. Ila rada hiyo haimwambii kama kuna ndege imekaa juu ya ranwei. Kwa hilo anategemea macho yake na kumbukumbu yake, na pale penye rada maalumu ya ardhini basi na hiyo, lakini viwanja vingi havina na vilivyo nayo siku nyingine inakuwa mbovu. Linate kule Milan, tarehe 8 Oktoba 2001, ukungu mzito, rada ya ardhini haifanyi kazi, ndege ndogo ya Cessna ikapotea njia huko chini ikaingia kwenye ranwei ambayo MD-87 ya SAS ilikuwa inakimbia kuruka. Watu 118 walikufa. Kwa hiyo mtu akikuambia "wana rada" muulize rada ipi, na inaona nini.

TCAS nayo ni mashine nzuri sana na imeokoa watu wengi, ila ina mipaka yake. Inaongea na transponda ya ndege nyingine, kile kifaa kinachojibu na kutaja mwinuko wa ndege, transponda ikiwa imezimwa au haitoi mwinuko basi amri haipo. Na ukiwa chini ya kama futi 1,000 kutoka ardhini haikupi kabisa amri ya kupanda wala kushuka, imetengenezwa hivyo makusudi. Kwa hiyo lile tukio la kwanza mlipokuwa mmekaa juu ya ranwei, TCAS isingewasaidia kitu, kilichowaokoa ni masikio yenu na mdomo wa kepteni. Tukio la tatu pia isingesaidia maana mlima hauna transponda, huko mna mfumo mwingine wa kuonya kuhusu ardhi na wenyewe unalia dakika za mwisho kabisa.

Na tukiwa hapo hapo kwenye TCAS, ikikupa amri wakati muongozaji anakuambia kinyume chake, fuata TCAS halafu mwambie. Najua umefundishwa ila nalirudia kwasababu watu 71 walikufa juu ya Überlingen, Ujerumani, tarehe 1 Julai 2002, muongozaji aliyekuwa ameshachelewa aliiambia ndege ya abiria Tu-154 ishuke, TCAS ikaiambia ipande, marubani wakamsikiliza muongozaji, na Boeing 757 ya DHL ilikuwa inashuka kwa amri ya TCAS yake.

Sasa nikuingize ndani ya mnara, maana nadhani hapa ndo pana jibu lako kubwa.

Muongozaji hafanyi kazi kwa skrini peke yake. Anafanya kwa kitu tunachokiita picha. Ukikaa kwenye kiti unajenga kichwani picha ya kila ndege, iko wapi, inaenda wapi, dakika mbili zijazo itakuwa wapi, nani yuko juu ya ranwei, nani nimemuahidi nini. Picha hiyo inaishi kwa kulishwa kila sekunde, ukiangalia, ukisikiliza, ukiandika kwenye vile vikaratasi vya safari au kwenye skrini. Ikikosa kulishwa inaanza kufutika, na ubaya wake ni kwamba haikupi taarifa kuwa inafutika. Hausikii kitu. Unaendelea kufanya kazi vizuri tu na picha ambayo ndege moja haimo.

Los Angeles, tarehe 1 Februari 1991, ilikuwa hivyo hivyo. Muongozaji aliiruhusu ndege ndogo ya SkyWest iingie kwenye ranwei isubiri pale kwenye makutano. Halafu akaanza kuhangaika na ndege nyingine iliyokuwa imehama masafa bila yeye kujua na karatasi ya safari iliyokuwa haionekani, ikachanganya kichwa, na kwenye kuhangaika huko ile ya SkyWest ikatoka kwenye picha. Ilikuwa usiku, taa zake hazikuonekana vizuri kutoka mnarani, rada ya ardhini haikuwa inafanya kazi, akairuhusu Boeing 737 ya USAir itue juu yake. Watu 35 wakafa. Na wachunguzi walipomaliza hawakuishia kwa yule mama aliyekuwa kwenye kiti, chanzo walikiweka kwa uongozi wa kituo na kwa mamlaka yenyewe, kwamba waliendesha kazi kwa namna ambayo kosa la mtu mmoja halikuwa na kitu cha kulidaka.

Rudi sasa kwenye tukio lako la kwanza, uisome upya. Jioni, mtu mmoja, mnara na chini na aprochi kwa pamoja. Anawaambia muingie ranwei, simu ya kituo jirani inalia, ni lazima apokee maana kuna ndege inakabidhiwa kwake, anaandika muda, mwingine anaomba kuwasha injini, mwingine anauliza hali ya hewa, na ninyi mmekaa kimya mnasubiri kwa adabu. Ndege iliyokaa kimya ndo inayosahaulika, sio ile inayopiga kelele. Simtetei, kukusahau juu ya ranwei ni kosa kubwa na lazima lichunguzwe. Nataka tu uone kwamba kumbadilisha yeye na kumweka mwingine kwenye kiti kilekile na mzigo uleule kunaweza kukupa tukio la nne.

La pili, la kurudia mwinuko. Marubani wengi hata wenye saa nyingi wanaamini ukirudia maelekezo na muongozaji akanyamaza basi umepatia. Ukimya haujathibitisha kitu ndugu yangu. Kurudia kuna kazi mbili, wewe kusema na yeye kusikiliza, na hiyo ya pili ndo dhaifu, kwasababu wakati wewe unarudia yeye kichwa kimeshaenda kwa ndege inayofuata, na sikio la mwanadamu linasikia kile linachotegemea kusikia. Nimewahi kusikiliza mkanda wa sauti yangu mwenyewe, rubani anarudia mwinuko mwingine kabisa, wazi, polepole, na mimi namjibu sawa. Ningeapa mbele ya yeyote kwamba alisema ule nilioutoa. Mwingine aliyekuwa pembeni yangu ndo alinigusa bega. Tangu siku ile sikumdharau tena mtu kwa kosa la aina hiyo, na ndo maana nasema wewe kushtuka ulifanya kazi ambayo watu wawili wenye uzoefu kukuzidi walikuwa wameshindwa.

Ongeza na redio yenyewe. Redio za VHF za ndege watu wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja hakuna anayesikika vizuri, kinachotoka ni mlio, au mmoja anasikika na mwingine anapotea bila mtu kujua. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, ndege za KLM na Pan Am ziligongana juu ya ranwei wakafa watu 583, na kwenye chumba cha marubani wa KLM maneno yaliyotakiwa kuwazuia yalifika yakiwa yamefunikwa na mlio wa namna hiyo. Na kuna kingine pale ambacho kinakuhusu wewe uliyekaa kiti cha kulia. Ndege ilikuwa imeanza kukimbia na mhandisi wa ndege ile akauliza, kwani yule wa Pan Am bado hajatoka? Kepteni akamjibu ndiyo, katoka, wakaendelea. Aliuliza swali sahihi kabisa, ila kwa sauti ya kuuliza. Baada ya ajali hiyo dunia ikakubaliana kwamba lile neno la kuruka lenyewe halitamkwi redioni isipokuwa kwenye kibali cha kuruka au cha kukifuta, na mafunzo ya kuwafanya wadogo wa chumba waseme kwa sauti yakaanza kupewa uzito.

La tatu la milima ndo lililonikaza zaidi niliposoma. Hapa kuna sintofahamu ya zamani kati ya marubani na waongozaji. Ukiwa unaongozwa kwa rada kwa kupewa hedingi, muongozaji ndo anatakiwa kukuweka juu ya mwinuko wa chini kabisa wa eneo lile, hilo ni jukumu lake. Lakini wewe hujaondolewa jukumu la kujua ardhi iko wapi, na mara nyingi chati yako haina ule mwinuko wa chini anaoutumia yeye, kwa hiyo ukisubiri akuambie unasubiri kitu usichoweza kukihakiki. Niliwafundisha vijana wengi jambo moja: kila ukipewa hedingi jiulize hii inaishia wapi kama redio ikifa sasa hivi. Kama inaishia mlimani, jipe muda kichwani, nusu dakika, dakika, na muda ukifika uliza hata kama masafa yana msongamano. Ninyi mliuliza, vizuri, ila mlisema "mpaka tukauliza", nahisi mlivuta muda kwa kumheshimu. Msivute.

Basi pale hewani unafanyaje. Usilumbane redioni hata siku moja. Ukianza kumfokea muongozaji aliyeteleza unamuondolea kile kidogo kilichobaki cha picha yake, na kuna ndege nyingine humo zinamtegemea. Uliza kwa maneno mafupi ya kitabu, thibitisha mwinuko, thibitisha hedingi, tuko ranwei fulani tunasubiri. Ukiona kitu hakiko salama sema "unable", yaani siwezi, na useme sababu kwa maneno mawili matatu. Watu wanaogopa neno hilo kama vile ni utovu wa nidhamu, wakati kanuni za kimataifa zinasema wazi kwamba rubani mkuu ndo mwenye uamuzi wa mwisho juu ya ndege yake. Na hali ikiwa mbaya usiipake sukari. Avianca 52 ilianguka Long Island tarehe 25 Januari 1990 kwa kuishiwa mafuta, watu 73 walikufa, na marubani walikuwa wameomba kipaumbele na wamesema mafuta yanaisha ila neno lenyewe la dharura hawakulitamka. Sisi kwenye kiti tunasikia "kipaumbele" mara nyingi, ila tukisikia "Mayday" kila kitu kingine kinasimama.

Kwenye ranwei, kabla hamjavuka mstari wa kusubiri kila mmoja aangalie upande zinakotokea ndege za kutua na muambiane mlichoona. Sikiliza nani ameruhusiwa kutua na wapi. Ukishaingia anza kuhesabu. Mamlaka ya anga ya Marekani ilipochambua matukio ya ndege zilizokuwa zinasubiri juu ya ranwei ilikuta kawaida yalitokea dakika mbili au zaidi tangu ndege iambiwe iingie, kwa hiyo usifike huko, uliza mapema zaidi. Ila usiifanye hiyo namba kuwa kinga, uwanja wa Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024 ile Dash 8 ya walinzi wa pwani ilikuwa imesimama juu ya ranwei kama sekunde 40 tu pale Airbus A350 ya Japan Airlines iliposhuka juu yake. Abiria na wafanyakazi wote 379 wa ile kubwa walitoka wazima, wa ile ndogo walikufa watano kati ya sita. Pale rubani aliambiwa yuko namba moja kwenye foleni ya kuruka, akaenda akaingia ranwei bila kibali cha kuingia, kwa hiyo picha inaweza kuharibika upande wenu pia.

Na hilo nakuomba ulichukue kwa moyo mweupe, jiangalie na wewe. Je, kurudia kwenu huwa mnaacha jina la ndege? Mnaongea haraka? Mwinuko ule kepteni alisikia vibaya au alitaja kile alichozoea kupewa kila siku kwenye njia hiyo? Uwanja mnaoenda kila siku ndo uwanja mnaosikia msichoambiwa, kwasababu mnajua kitakachosemwa kabla hakijasemwa. Ripoti yenye makosa yako ndani inaaminika mara kumi kuliko ile ambayo wewe peke yako ulikuwa msafi.

Tukija kwenye kuripoti. Kepteni wako hakukuambia vile kwa ubaya, huenda aliona mtu akiumizwa huko nyuma, na hizo hofu zina historia. Lakini nikupe kisa kimoja halafu wewe mwenyewe upime.

Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA, safari namba 514, ilikuwa inaenda kutua Dulles karibu na Washington. Ikapewa kibali cha kuanza kukaribia uwanja ikiwa bado mbali. Marubani wakaelewa kwamba wakishapewa kibali hicho wako huru kushuka mpaka futi 1,800, muongozaji yeye akaelewa kwamba wao wanajua ardhi ya pale na watajilinda wenyewe. Kila upande ulidhani mwenzake ndo amebeba mlima. Ndege ikapiga Mount Weather, watu wote 92 wakafa. Uchunguzi ukakuta kwamba wiki kama sita nyuma yake, marubani wa United waliingia kwenye mtego huohuo, mahali palepale, wakaponea chupuchupu. Wakaripoti kwenye kampuni yao, na kampuni ikawaonya marubani wake. Wa TWA hawakuwahi kuipata hiyo habari. Kutokana na kifo hicho ndo mwaka 1976 Marekani ikaanzisha mfumo wa ripoti za siri za usalama wa anga, na wakaukabidhi kwa NASA makusudi, kwasababu NASA haina mamlaka ya kumnyang'anya mtu leseni.

Nikisoma swali lako naliona kundi lile la United. Ninyi ndo mmeponea. Kuna marubani wengine wataruka kwenye uwanja huohuo jioni, hawana habari hii.

Kwa hiyo andika. Namna ya kuandika ndo inaamua kama unamuumiza mtu au unaponya kitu. Usiandike "muongozaji alikuwa mzembe na alionekana kachoka", hujui kama alichoka, hukumuona. Andika "saa fulani dakika fulani kwa saa ya kimataifa ya UTC tuliruhusiwa kuingia ranwei fulani kusubiri, tukakaa kama sekunde kadhaa, tukasikia ndege nyingine inaripoti maili mbili kutua ranwei ileile, tukauliza, ikaelekezwa kupaa tena, sauti ileile ilikuwa inahudumia mnara, chini na aprochi". Andika na hali ya hewa, mwanga ulikuwaje, masafa, mwinuko, hedingi, maneno kama unavyoyakumbuka na useme wapi hukumbuki. Kile ulichoona kiwe mbali na kile unachodhani. Weka matukio matatu kwa ripoti tatu, kisha useme kwenye kila moja kwamba kuna mengine mawili. Muda ndo kitu kitakachofungua mambo, kwasababu wewe huoni ratiba ya shifti za pale ila mchunguzi ataiona, na akiweka saa zako tatu juu ya ratiba anaweza kukuta jambo ambalo hata waongozaji wenyewe wamekuwa wakililalamikia bila kusikilizwa. Niliwahi kukaa upande huo. Tulikuwa wachache, tuliandika barua kwa wakubwa, na kilichowafanya waamke ni ripoti za marubani wawili kutoka makampuni tofauti, sio barua zetu. Kwa hiyo usione kila muongozaji kuwa ataumizwa na ripoti yako, wengine wanaiombea ije.

Pa kupeleka, anza na kitengo cha usalama cha kampuni yenu, ndo kazi yao na wao ndo wana njia rasmi ya kwenda kwa wanaoendesha mnara na kwa mamlaka ya anga. Kuna fomu ya kimataifa ya ripoti ya tukio la kuongoza ndege kwenye kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kitengo hicho kitaijua. Tukio kama la ranwei kwa sheria za nchi nyingi ni la lazima kuripotiwa, sio hiari, Ulaya kwa mfano unapewa saa 72, kwa hiyo angalia kanuni za kwenu leo maana kunyamaza ndo kunaweza kukuletea shida kuliko kusema. Na kama nchi yenu ina mfumo wa ripoti za siri tumia na huo.

Sitakudanganya kwamba hakuna hatari yoyote. Siri sio sawa na kutokujulikana, kwenye uwanja mdogo watu wanaweza kukisia. Kinga ya mtu aliyekosea kwa bahati mbaya haimfuniki aliyefanya uzembe wa makusudi, na ni sawa iwe hivyo. Kuna nchi ambazo waendesha mashtaka wanaingia haraka kuliko wachunguzi. Na majibu yanachelewa, unaweza kukaa miezi usisikie kitu ukadhani imetupwa. Kama kampuni yenu ina historia ya kuadhibu wanaoripoti, basi kabla ya kutuma kaa ana kwa ana na chama chenu cha marubani au mtu wa usalama unayemwamini akusomee. Na mwambie kepteni kabla hujatuma, usimzunguke, mwambie naandika na ningependa tuandike wote, maana mkanda utakaposikilizwa sauti yake imo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limewahi kufanya kazi kuliko ripoti kumi. Omba kupitia kampuni yenu mtembelee ule mnara, mkae nyuma ya kiti saa moja ya jioni, msiulize matukio yenu, mtazame tu. Na muwakaribishe wao kwenye ndege. Ila hiyo haichukui nafasi ya ripoti.

Halafu usingizi. Kukosa usingizi kwa mtu anayerusha abiria sio jambo la kuvumilia. Kama kampuni ina kundi la marubani wa kusaidiana ongea nao wiki hii, na kama unajikuta mwili unakaza ukisikia sauti ile redioni, au unalala chini ya saa tano siku mfululizo, nenda kwa daktari wa anga umweleze ukweli, na ikibidi ujitoe kwenye ratiba siku chache fanya hivyo bila aibu. Kujitoa kwasababu hujalala ni uamuzi wa rubani.

La mwisho ni la haraka. Kanuni za ICAO zinataka sauti za redio na rekodi za rada zitunzwe angalau siku 30, baada ya hapo kama hakuna aliyeomba zihifadhiwe zinaweza kufutwa na kuandikwa juu yake. Bila mkanda inabaki kumbukumbu yako dhidi ya kumbukumbu yake, na nimeshakuonyesha kumbukumbu zetu zilivyo. Swali lako nililipata jana, maana yake tukio la ranwei leo lina siku 25. Andika hilo kwanza, usiku huu, hata likiwa na mapengo, na kwenye mstari wa juu kabisa uombe mkanda wa siku hiyo uhifadhiwe. Hayo mawili mengine andika kesho.